Achana kwanza na mvua ya paka na mbwa

Kuna PDF inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kampala, misemo mia ya Kiingereza, na kila tukianza muhula lazima mtu aje nayo kwenye simu ananionyesha kwa furaha, ticha angalia, nikizishika hizi zote si nitakuwa naongea kama watu wa BBC? Ya kwanza kwenye orodha ni "it's raining cats and dogs", inafuata "kick the bucket", halafu "a piece of cake", inaendelea hivyohivyo mpaka mwisho. Na jibu langu ni lilelile, wanafunzi washanichoka nalo, sasa naliandika hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma link tu. Achana nazo hizo kwanza. Misemo inayowatesa watu kazini na hospitali na kwenye simu siyo hiyo, ni ile midogomidogo yenye maneno ambayo mtu anadhani aliyamaliza P3.

Nafundisha watu wazima, jioni, huku Nsambya. Wengi ni Wakongomani wa Bukavu, Goma, Uvira, kuna Wanubi wa Bombo, kuna wafanyabiashara waliokulia Busia mguu mmoja Kenya mguu mwingine Uganda, na kinachotuunganisha ni Kiswahili japo kila mtu ana cha kwao, wa Bukavu anasema "niko nasoma", wa Busia anakuja na chake, tunaelewana tu. Baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022 watu wakawa wanabishana redioni kama shule zitaweza, mi nacheka, huku kwetu Kiingereza chenyewe kinafundishwa kwa Kiswahili kitambo sana na hakuna aliyetuomba kibali.

Hao paka na mbwa sasa. Jaribu kukumbuka mara ya mwisho ulimsikia mtu mzima akisema hivyo bila kuwa anasoma kitabu cha mtoto. Ikishuka ile mvua ya Kampala inayogeuza pale Clock Tower kuwa ziwa, watu wanasema "it's pouring", wale waliosoma sana wanasema "it's raining heavily", imeisha. Msemo wenyewe ni mzee. Jonathan Swift, yule mwandishi wa Ireland, aliuweka kwenye kitabu chake cha 1738, na kitabu kile kilikuwa cha kuwacheka watu wa mjini wanaoongea kwa misemo iliyochakaa! Yaani 1738 tayari ulikuwa unachekwa, na sisi ndo tunaubeba leo kwenda nao intavyuu. Halafu kuna ile hadithi inayotumwa pamoja nao, eti zamani Uingereza paka na mbwa walilala juu ya paa la nyasi, mvua ikinyesha wanateleza wanaanguka. Hiyo ni porojo ya zile email za kusambazwa za mwaka 1999 hivi. Aliyekulia nyumba ya nyasi anajua mbwa hapandi kwenye paa, na mvua ikija anaingia ndani kabla yako.

"Kick the bucket" ndo mbaya zaidi kwa sababu inaeleweka, kwa hiyo inaumiza. Imo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose ya 1785, na mpaka leo haijatoka mtaani. Fikiria mwenzako wa kazini kafiwa na baba yake huko Masaka, wewe unafika msibani na sura ya huzuni kabisa unamwambia "I heard your father kicked the bucket". Umemwambia mzee wake amekata kamba. Sisi Waswahili hatuhitaji kufundishwa hili, tuna kufa, tuna kufariki, kuaga dunia, kutangulia mbele ya haki, na kila moja ina mahali pake, hakuna mtu atasimama msikitini aseme hajji amekata kamba. Kwa Kiingereza kile cha heshima ni "passed away". Andika hicho kimoja, hicho kingine kiache kwenye PDF.

Tuje kwenye yenyewe.

Mzee mmoja wa darasa langu, fundi seremala, mtu wa Uvira, alienda duka la dawa na karatasi ya daktari. Dada wa kaunta akasoma, akageuka kuangalia kabati, akarudi na tabasamu lake, "I'm afraid we've run out of this one." Mzee akachukua karatasi yake akaondoka. Jioni akaniuliza mbele ya wote, mwalimu, mimi yule binti sikumfokea, nilisimama vizuri, nilisema "good afternoon", kwa nini aseme ananiogopa, na nani alikimbia? Darasa likavunjika kwa kicheko, na yeye pia akacheka, lakini hebu mwangalie, kila neno pale analijua. "Afraid" analijua, "run" anaijua, "out" anaijua, ukimpa mtihani anapata mia kwa mia. Na hakuuliza dawa itapatikana duka gani lingine, kwa sababu alichoelewa ni kwamba anafukuzwa.

"I'm afraid" ya namna hii haina woga wowote ndani yake. Ni "samahani", ni "bahati mbaya". Mwingereza anaitanguliza mbele ya habari mbaya ndogondogo, bosi hayupo, tiketi zimeisha, umechelewa. Ukiisikia mwanzoni mwa sentensi we jua jibu ni hapana, anza kufikiria swali la pili. Na "run out" ni kuisha, au ukimtaja mtu basi ni kuishiwa. Jioni ile tulitupa ratiba tukaifanyia kazi hiyo moja tu, "I've run out of airtime", "we've run out of sugar", "yaka has run out", yaani umeme wa kulipia kabla umeisha, tuko gizani, mama mmoja akamalizia na "I've run out of patience" akimwangalia mumewe aliyekaa nyuma. Hiyo hakuna atakayeisahau.

Kuna kitu nimekigundua kinawasaidia sana wanaojua Kiswahili vizuri. Sisi kitenzi tunakibadilisha mkiani. Piga, pigia, pigana, pigwa, pigisha, mzizi ni mmoja ila kila mkia unakupeleka kwingine, na hakuna Mswahili anayechanganya kupiga simu na kupigana. Mwingereza hana mkia, yeye anatundika kineno kidogo pembeni, "put on", "put off", "put out", "put up with". Ukisoma "put" peke yake halafu "off" peke yake ujumlishe, umekwisha, ni sawa na mtu akwambie kupiga pasi ni kuichapa pasi. Lazima uzichukue zote kama kitu kimoja. "Put off" ni kuahirisha, ila pia ni kumtoa mtu hamu, "the smell put me off". "Put up with" ni kuvumilia. "Turn down" redio ni kupunguza sauti, "they turned down my application" ni kwamba wamekukataa, na kuna kijana alikaa wiki nzima ana furaha akidhani ombi lake wamelipunguzia ada. Hapo sikucheka.

Kwa hiyo nikiulizwa nianze na misemo gani nasema chukua sentensi nzima uliyoisikia wiki hii, mdomoni mwa mtu halisi, ukaipata au hukuipata, iandike vilevile, uje nayo. Orodha za watu wengine ni za watu wengine.

Kazini sasa ndo kuna fujo. Dada mmoja wa Bukavu anapikia familia ya Wazungu Muyenga, na mama mwenye nyumba ni mtu mzuri tu, shida yake haandiki meseji moja iliyonyooka. Ijumaa akamtumia, "Not sure how many are coming tomorrow. Let's play it by ear." Dada akatafuta neno kwa neno, "play", "ear", akaona muziki, kumbe kesho kuna pati, akaenda sokoni na pesa ya wiki nzima akapika matoke sufuria kubwa, kuku, wali, na chapati juu. Wakaja wageni wawili. Msemo wenyewe ni wa wanamuziki kweli, ni yule anayepiga piano bila kusoma noti, anasikiliza tu anafuata, na ukiutumia kwenye mambo mengine maana yake ni tuone itakavyokuwa, tutajipanga hapohapo. Swali alilopaswa kumuuliza mama ni dogo tu, "Shall I wait before I go to the market?" Sasa analijua.

Nyingine za ofisini ni nyepesi ukizisikia mara mbili tatu. "The ball is in your court" imetoka kwenye tenisi, kazi iko kwako sasa. "We'll keep you in the loop", tutakujulisha, na wakati mwingine hawatakujulisha. "Touch base" ni ya besiboli ya Marekani, maana yake tutafutane tuongee kidogo. "We'll look into it" kila Mganda aliyewahi kupeleka malalamiko mahali anaijua kuliko Mwingereza. "Elephant in the room", jambo kubwa ambalo wote wanaliona na hakuna anayethubutu kulitaja, hiyo ilinipa shida kuieleza kwa mwanafunzi mmoja wa Kasese, huko kwao tembo wanatoka kweli mbuga ya Queen Elizabeth wanaingia mashambani, na yeye akasema ticha huo msemo umetungwa na mtu ambaye hajawahi kuwa karibu na tembo, tembo akiingia chumbani hakuna atakayenyamaza. Sikuwa na jibu.

Kuna moja ya kuchunga hasa kama bosi wako ni Mmarekani. "To table". Hapa kwetu tumefuata Waingereza, bungeni "to table a bill" ni kuuwasilisha mswada, jambo linaanza kujadiliwa. Kwa Mmarekani "let's table that" ni tuliweke kando, tusiliongee leo. Neno moja, maana zimepeana mgongo. Kwenye mashirika ambako nusu ya ofisi ni Waganda na nusu wametoka Washington mtu anaweza kutoka mkutanoni anadhani pendekezo lake ndo limepita.

Na Waingereza wana ule ugonjwa wao wa kusema kidogo wakimaanisha kingi. "Not bad" inaweza kuwa sifa kubwa kabisa. "This could do with some work" siyo kwamba inaweza kufanya kazi, ni kwamba umeharibu, rudia. "With all due respect", hapo shika kitu, ngumi inakuja. Mtu akisema wazo lako ni "interesting" na hajauliza swali lolote, basi ndugu yangu hajalipenda. Sisi watu wa pwani na maziwa tunajua kuzunguka, mtu anakuja kukopa anaanza na habari za mifugo, kwa hiyo tabia hii tunaielewa kabisa, tatizo ni kwamba tunategemea Mzungu awe amenyooka kwa sababu tuliambiwa Wazungu wamenyooka. Mwingereza hajanyooka hata kidogo.

Halafu kuna ile mitego ambayo tunajiwekea wenyewe kwa kubeba Kiswahili kizimakizima. Ukivunjika moyo kwa Kiswahili umekata tamaa, umejaribu mara nyingi imeshindikana. Ukimwambia meneja "my heart is broken" kwa sababu mshahara haujaongezwa atakuangalia ajabu, kwake hiyo ni ya mtu aliyeachwa na mpenzi, au aliyefiwa. Unachotaka ni "I'm discouraged", au "I'm losing heart" ambayo ni karibu sana na kufa moyo. Na kinyume chake wanacho, "take heart", piga moyo konde. Ukisema mtoto wako "has a head" ukimaanisha ana kichwa, ana akili darasani, watasubiri umalizie sentensi, na ukiikuza ukasema "he is big-headed" umemtukana mtoto wako, umesema anajiona. Mkono mrefu kwetu ni mwizi, kwao "the long arm of the law" ni polisi wanaomtafuta huyo mwizi. Hii nimeipenda siku zote.

Ila mara nyingine lugha hizi mbili zinakutana mahali pamoja bila kupanga. Kufumbia macho jambo, Mwingereza anasema "turn a blind eye", na yeye ana mtu kabisa wa kumtaja, Nelson, yule amirali wao. Jicho lake la kulia lilikuwa limeharibika, halioni tangu vita vya Corsica 1794. Mwaka 1801 wanapigana Copenhagen, mkubwa wake Hyde Parker akapandisha bendera za kumwamuru aache mapigano. Nelson, ndivyo inavyosimuliwa, akachukua darubini akaiweka kwenye lile jicho bovu, akasema kweli mimi siioni hiyo ishara, akaendelea kupiga, na akashinda. Niliposimulia hii darasani Mnubi mmoja mstaafu wa jeshi akasema jeshini kwao angepigwa risasi, halafu akafikiria kidogo akasema, kama ameshinda labda siyo.

Biblia nayo imesaidia kuliko PDF zote. Misemo mingi ya Kiingereza imetoka humo na sisi tunayo tayari kwa Kiswahili, mtu hajui tu kwamba anaijua. "Go the extra mile" ambayo mameneja wanaipenda kupita kiasi ni Mathayo 5:41, mtu akikulazimisha kwenda maili moja nenda naye mbili. "A drop in the bucket" ni Isaya 40:15, mataifa ni kama tone la maji katika ndoo, siku hizi wanaitumia kwa msaada mdogo kwenye shida kubwa. "In the twinkling of an eye" ni Wakorintho wa Kwanza 15:52, na watafsiri wetu hapo walifanya kazi safi, hawakuhangaika na jicho kumetameta, wakaandika kufumba na kufumbua, nani hasemi hivyo? Lakini "by the skin of my teeth", Ayubu 19:20, waliiacha ilivyo, nimeokoka na ngozi ya meno yangu, na hakuna Mswahili unayekutana naye stendi atakwambia ameipata taksi kwa ngozi ya meno. Ameponea chupuchupu. Wanubi wangu wengi ni Waislamu na hizi hawakuzisikia kanisani, tukazisoma wote pamoja, na mzee mmoja akazinakili zote kwenye daftari lake.

Methali sitazigusa sana, zinajipanga zenyewe. "Too many cooks spoil the broth" ni manahodha wengi chombo huenda mrama. "Don't count your chickens" ni usikate kanzu mtoto hajazaliwa. "Once bitten, twice shy" aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yetu ni tamu zaidi, samahani.

Kitu ambacho hakimo kwenye PDF yoyote ni Kiingereza chetu wenyewe hapa Uganda, na mgeni wa Kongo anayejifunza anakutana nacho kabla hajakutana na cha London. Unakaa mwezi hujamwona rafiki, anakwambia "eh, you are lost!" Ni umepotea sana, tumeitoa Kiluganda na Kiswahili tukaivalisha Kiingereza. Unalima bustani yako mtu anapita barabarani, "well done", hajaona matokeo ya kazi, hajali, anasema gyebale, pole na kazi. Unajikwaa, mtu wa mbali kabisa "sorry, sorry!", Mzungu anajibu "it's not your fault" anashangaa. Kwenye taksi, na taksi yetu ni matatu ya watu kumi na wanne, hiyo ya mtu mmoja inaitwa special hire, konda anasema "ssebo extend", maana yake sogea. Mtu anaondoka mlangoni anakuaga kwa kusema "I'm coming". Msichana anayemla bwana pesa bila mpango wa kumpenda "is detoothing" him, anamng'oa meno, Mswahili wa Dar anasema anachuna buzi, sijui yupi ana huruma zaidi.

Walimu wengi wanaipiga vita hii lugha, wengine wanaiita takataka. Mimi siipigi. Boda boda yenyewe ilizaliwa hivyo, Busia, miaka ya 60, watu wa baiskeli wakivusha abiria mpakani wakipaza sauti "border, border", leo hata waandishi wa London wanaiandika bila kuomba msamaha. Ninachosema darasani ni jua unaongea na nani. "You are lost" mwambie Mganda atacheka na kukukumbatia, ukimwambia Mzungu barabarani atatoa ramani.

Kwa vijana wasiopenda kusoma nimeacha kugombana nao, nawaambia nendeni kwenye mpira. Ligi ya Uingereza kwenye kibanda Jumamosi ni darasa la saa sita mfululizo, na mtangazaji haongei chochote ila misemo. "Clean sheet", timu haijafungwa goli hata moja. "Own goal", ambayo kesho yake unaisikia redioni mwanasiasa amejifunga mwenyewe. "Move the goalposts", kubadilisha masharti katikati ya mchezo, mtu yeyote aliyewahi kufuatilia karatasi ofisini anaielewa bila maelezo. "Hat-trick" ilitoka kriketi, 1858, mchezaji anaitwa H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu mfululizo akazawadiwa kofia, sasa kofia imepotea limebaki jina. Na "park the bus" wengi wetu tuliishika Septemba 2004, Mourinho yuko Chelsea, Tottenham wamekaa nyuma dakika tisini mechi ikaisha sufuri sufuri, akalalamika wameleta basi wakaliweka mbele ya goli. Vijana wangu wanaitumia kwa msichana asiyejibu meseji. Si kamusi wala ticha aliyewafundisha hiyo.

Na ukitaka kuona mtu anayejua kazi ya misemo, kaa kwenye kibanda cha video siku isiyo ya mpira umsikilize VJ anavyotafsiri filamu ya Marekani kwa Kiluganda. Jambazi anasema jambo la kwao huko, VJ hana muda wa kutafsiri neno, risasi zinalia, anarusha msemo wa Kiluganda wa kumtosha huyo jambazi na anaongeza na jina la mtaa wa hapa juu yake. Watu wanalia kwa kucheka. Wengine walioenda shule wanalalamika kwamba hajatafsiri sawasawa. Ametafsiri sawasawa kabisa!

Kabla sijasahau, kuna mmoja kaniomba niandike kuhusu mialiko. "You must come round for dinner sometime." Hiyo usifue nguo. "Sometime" ndo neno la kuangalia, wanamaanisha wewe ni mtu mzuri, tumefurahi, kwaheri. Mwaliko wa kweli una siku na saa, "Saturday at seven". Kwetu ukimwambia mtu karibu chakula na akaja, utagawa kilichopo, kwao asipokuwa na siku hakuna chakula. Niliwaeleza hivyo vizuri kabisa, na kijana mmoja fundi umeme ambaye alikuwa ameshaambiwa hivyo na mteja wake wa Kiingereza huko Bugolobi akasema sawa ticha nimeelewa, kesho yake akaenda akamuuliza "Which day?" Yule bwana akababaika, akacheka, akasema basi, Saturday at seven. Kijana akaenda amevaa koti na kuku jike hai kwapani, kwa sababu huendi kwa watu mikono mitupu. Wakala, wakaongea mpira mpaka saa nne usiku. Yule kuku wameshindwa kumchinja, watoto wamempa jina, na nasikia anataga.